Tupeane uzoefu: Walezi wa kambo na familia za kuaminika, mnamudu vipi mtoto aliyevurugwa?

Mwenye uzi

Wanajamvi, habari za saa hizi. Uzi huu ni wa wale wanaopokea mtoto kutoka kwa afisa ustawi wa jamii na kukaa naye siku kadhaa au miezi wakati shauri lake linashughulikiwa.

Tuelewane kwanza kwenye neno. "Kambo" hapa si ya mama wa kambo aliyeolewa na baba. Ni malezi ya kambo ya kwenye Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 na kanuni zake za 2012. Hujamwasili, yaani hujamfanya mwanao kisheria. Jina lake ni lake, ukoo wake ni wake, na kazi yako ni kumshika vizuri mpaka ijulikane anakwenda wapi.

Semina inakufundisha haki za mtoto na jinsi ya kujaza fomu. Sasa usiku wa kwanza mtoto kaingia uvunguni na hatoki, fomu utaipeleka wapi? Kila mtu aandike jambo moja analolijua sawasawa, hatua kwa hatua. Ombi langu moja: hadithi za "mimi nilikuwa na mtoto fulani" tuziache. Watoto hawa wana kesi, mtaa ni mdogo, na maelezo mawili tu yanatosha mtu kumtambua. Leteni mbinu.

Nawasilisha.

bi_mkubwa_tandale

Naanza na saa ya kupokea, maana hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Gari la ustawi lisiondoke kabla hujapata haya: barua ya kukukabidhi mtoto (bila hiyo zahanati na shule watakuzungusha, na polisi wakikuuliza huna la kuonyesha), dawa anazotumia pamoja na kipimo, saa na idadi ya vidonge vilivyobaki, chakula kinachomdhuru, nani haruhusiwi kumwona, anaogopa nini, na namba ya afisa inayopokelewa usiku. Swali la "anaogopa nini" maafisa wengi hulijibu juujuu. Uliza kwa vipande: giza? mlango kufungwa? mwanamume? mbwa? kelele?

Akiingia ndani, mwonyeshe choo, swichi ya taa, mahali pa kulala na mlango unavyofunguliwa. Mwache aufungue mwenyewe. Sheria siku hiyo zisizidi tatu: hapa hatupigani, ukitaka kutoka unaniambia, ukiwa na njaa unasema. Zile kumi na mbili nyingine zitasubiri.

Kuoga kusiwe vita. Mpe ndoo, sabuni, taulo, funga pazia, kaa nje umsikie. Mtoto aliyewahi kuchezewa mwili, kuvuliwa nguo na mtu mgeni ni balaa. Na zile nguo alizokuja nazo, hata zikinuka vipi, usizitupe. Zifue, umrudishie. Ndiyo mali yake yote.

Usimuulize "ilikuwaje kwenu?" Usiku huo ni wa kula na kulala. Acha taa ya korido ikiwaka.

Fundi_Cherehani

Chakula. Utakuta ugali chini ya mto, mkate ndani ya begi la shule, nyama kwenye soksi. Watu hukimbilia kusema "mwizi huyu". Huyo ni mtoto ambaye amewahi kulala njaa bila kujua kesho kuna nini, na anajiwekea akiba.

Usifunge kabati. Ukifunga umemthibitishia kuwa chakula kinaweza kuisha. Tafuta kikapu au kontena lenye mfuniko, andika jina lake, liwe karibu na kitanda. Kila jioni weka humo, yeye akiona, vitu visivyooza upesi: ndizi mbili, kiganja cha karanga, kipande cha muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha. Asubuhi toeni vilivyobaki pamoja, jazeni upya. Havina masharti. Akila vyote saa sita usiku, ni vyake.

Milo iwe saa zilezile na katikati kuwe na kitafunwa, nafasi isizidi saa tatu akiwa macho. Kinachoharibu hapa ni mtu wa pili nyumbani, shangazi au dada wa kazi, anayesema "leo umekula sana". Neno hilo moja linawarudisha mwanzo. Kaeni kikao cha nyumba nzima kabla.

daftari_kubwa

Nimesubiri mtu ataje daftari, sijaona. Bila daftari unalea kwa kubahatisha.

Chukua counter book, chora mistari ugawe ukurasa mara tatu: KABLA, TENDO, BAADA. Andika ulichokiona na saa, usiandike hukumu. "Alikuwa mkorofi" haina maana. "Saa 12:40 jioni alirusha sahani ukutani" ina maana. Nawapa mfano wa kubuni wa siku tatu:

Jumatatu saa 12:40 jioni. Kabla: tunakula, geti limegongwa kwa nguvu. Tendo: karusha sahani. Baada: kakimbilia chooni, kakaa dakika 20.

Jumatano saa 1:15 usiku. Kabla: anaandika hesabu, baba mwenye nyumba kaingia, mlango umejibamiza. Tendo: kachana daftari. Baada: kagombezwa, kalia.

Ijumaa saa 12:50 jioni. Kabla: anacheza, jirani kagonga geti. Tendo: kampiga mdogo. Baada: kaenda uvunguni.

Ukisoma safu ya TENDO peke yake utasema hana adabu mezani, mvivu wa hesabu, na mkatili kwa wadogo. Watoto watatu tofauti! Soma KABLA: ni mlango, mara tatu. Dawa yake ni kubandika mpira wa ndala fremuni, wanaume wa nyumba waite jina lake kabla ya kuingia, na jirani apige simu badala ya kugonga. Andika wiki mbili mfululizo kabla ya kusema umemjua mtoto. Na mahakama au ustawi wakiomba taarifa, unayo yenye tarehe.

Mzee wa Bandari

Yote mazuri, ila mnauzunguka mbuyu. Mtoto wa Kiafrika bila fimbo atanyooka vipi?

bi_mkubwa_tandale

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki na wengi wanaliogopa kuuliza. Fimbo hufanya kazi kwa kutisha. Mtoto aliyepigwa kwa waya na mwiko miaka mitano, fimbo yako haimtishi. Atafanya moja kati ya mawili: ataganda, macho yanatazama ukuta, hasikii neno, au atakurudishia. Na hapo umeingia kwenye orodha yake ya watu wa kukimbia. Halafu afisa akija akakuta alama mwilini, utamweleza nini?

Adhabu inayofaa iwe ndogo, ya papo hapo, na inahusiana na kosa. Kamwaga uji, anachukua tambara mnapangusa wote. Kavunja kikombe, wewe unaokota vigae, yeye anashika chombo cha taka. Imeisha siku hiyohiyo, kesho haitajwi. Mambo matatu hayaguswi kamwe: chakula, kuonana na ndugu zake, na kauli ya "nitakurudisha ulikotoka".

Kwenye wizi na uongo: ukijua kachukua, usimuulize "ni wewe?" Unamtegea adanganye. Sema, "Elfu mbili iliyokuwa mezani iko mfukoni mwako. Irudishe, tuje tule." Na wewe acha kuweka pesa mezani.

Mzee wa Bandari

Marahaba. Hiyo ya "usimuulize ni wewe" nimeielewa. Sasa akiwa amewaka kabisa, anarusha vitu?

kocha_utulivu

Mzee, akiwaka kichwa chake hakisikii hoja. Usihubiri.

Hatua ya kwanza si yeye, ni wengine. Toa watoto wote chumbani, toa visu, chupa na chungu cha moto. Simama ubavu, si uso kwa uso, umbali wa hatua mbili, na usizibe mlango. Ukiweza kaa kwenye kigoda uwe chini yake. Usimkodolee macho. Sauti ishuke kila yake inapopanda. Maneno machache, yaleyale: "Uko salama. Nipo hapa." Nyamaza. Baada ya dakika mbili, tena. Usimguse kwa nyuma hata kwa nia njema. Kumshika ni pale tu anapotaka kujiumiza au kukimbilia barabarani, na unamwachia mara hatari inapopita.

Kosa kubwa linakuja baadaye. Akitulia, mlezi anaona sasa ndiyo nafasi ya "tuongee". Mwili wake bado unachemka, unaweza kuchukua hata saa nzima kupoa, na swali moja linawasha upya. Mpe maji ya kunywa, mwache. Ongea jioni au kesho, dakika tano, mkiwa mnafanya kitu kwa mikono.

Kazi nzito ya mikono inamshusha mtoto kuliko maneno. Kutwanga, kukanda unga wa chapati, kubeba ndoo ya lita tano kutoka bombani, kufua kanga na kuzikamua. Mfundishe akiwa mzima, si akiwa kawaka. Mbuzi ya nazi hapana jamani, ina meno.

Kupumua nako hufundishwa kwa mchezo: apulize kijiko cha uji wa moto. Avute kwa kuhesabu tatu, apulize kwa kuhesabu tano. Mara kumi.

Nesi_wa_zamu

Kikojozi. Kabla ya miaka mitano ni kawaida, msimsumbue. Aliyekuwa amekwisha kuacha kisha akarudia, mpeleke apimwe mkojo kwanza: maambukizi ya njia ya mkojo, na sukari kama ana kiu isiyoisha na anakonda. Uliza pia choo kikubwa. Choo kigumu kinakandamiza kibofu na watu hawaunganishi mambo haya mawili.

Maji asinyimwe. Anywe mengi asubuhi na mchana, apunguze kuanzia magharibi. Chai ya rangi na soda jioni ziondoke kabisa. Akojoe mara mbili: anapoanza kujiandaa kulala, na tena anapopanda kitandani. Kisha jiulize choo chenu kiko wapi. Kama kiko uani na taa hakuna, mtoto anaamka, anaogopa giza, anarudi kujilaza. Ndoo yenye mfuniko chumbani inamaliza kesi nyingi.

Kitanda kitandikeni hivi: nailoni, shuka, nailoni, shuka. Usiku akilowa, unavuta shuka na nailoni ya juu, ya chini iko tayari kavu. Dakika mbili, bila taa kubwa, bila hotuba. Kumwamsha saa nne usiku kunaokoa godoro tu, hakumfundishi mwili kuamka. Sifa mpe kwa anachokiweza, mathalani kwenda chooni kabla ya kulala na kusaidia kutandika. Usiku mkavu hauko mikononi mwake. Na shuka zisianikwe mbele ya nyumba wapita njia wakaona.

dawati_mstaafu

Niongeze la uzito. Siku moja mtoto atakuambia alichofanyiwa, na mara nyingi atasema wakati huna nafasi, unachambua mchele au mko njiani. Usishtuke usoni. Endelea na mchele. Maswali yako yawe ya kumwachia: "Niambie zaidi." "Halafu?" Usimwekee maneno mdomoni ("ni mjomba, eti?"), kesi inaweza kuharibikia hapo. Usiahidi siri. Sema, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitawaambia watu wa kutusaidia, na nitakueleza kabla ni akina nani." Usiku andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ya kitoto.

Kama ni ubakaji au ulawiti wa karibuni, saa zinahesabika. Dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, kadiri zinavyowahi ndivyo bora, na humezwa siku 28. Binti aliyevunja ungo, dawa ya kuzuia mimba ni ndani ya siku tano. Asioge kabla ya vipimo. Nguo weka kwenye bahasha ya karatasi, mfuko wa plastiki unaozesha ushahidi. Kama kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono karibu, nenda hapo, daktari, polisi na ustawi wako mahali pamoja, hivyo mtoto hasimulii mara nne. Kama hakuna, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi watakupa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Fundi_Cherehani

Dawati umenena. Mimi nagusa kidogo siku za ndugu kuja kumtembelea. Tegemeeni vurugu siku moja kabla na siku mbili baada, hata ziara ikienda vizuri. Msipange mtihani, kunyolewa wala wageni siku hizo. Na mzazi wake asisemwe vibaya nyumbani kwako, hata kwa mafumbo. Watoto wanajua mafumbo kuliko sisi.

Mwenye uzi

Ahsanteni sana. Swali la mwisho kutoka inbox: akiondoka, unampa nini?

daftari_kubwa

Mwambie mapema, hata mtoto wa miaka minne. Chora siku saba kwenye karatasi, kila usiku afute moja.

Andika ukurasa mmoja wa kwenda na yeye: analala upande gani, anatulizwa na nini, kinachomwasha (mlango!), anachokula na asichokula, dawa, marafiki, wimbo anaoupenda. Picha mbili tatu za hapo nyumbani, baada ya kumuuliza afisa. Kikapu chake cha chakula kiende kikiwa kimejaa.

Nunua begi, hata la mtumba. Usimfungashie kwenye salfeti kama mkaa. Apange mwenyewe, wewe umpokeze vitu. Na zile nguo alizokuja nazo siku ya kwanza, zikae juu kabisa, azione akifungua zipu.