Mjadala: Je, wazee wa mwambao wapewe vipindi rasmi shuleni?

Hoja iliyo mezani ni kama shule za mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza ziwaingize wavuvi wazee na wakaushaji wa dagaa katika ratiba ya masomo, au maarifa yao yaendelee kurithishwa nyumbani tu. Wanaopinga wanasema kwamba mitihani haina swali la nyavu, na kwamba mzazi hakumpeleka mtoto shule ili arudishwe mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa na kuanikwa. Mimi naunga mkono, ila kwa sharti.

Pingamizi hilo la pili ndilo zito. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi na masomo viende pamoja. Lakini katika shule nyingi jembe lilibaki na somo likapotea. Waliolimishwa mashamba ya shule bila kuelezwa kwa nini tuta moja limestawi na jingine limedumaa wana haki ya kuwa na wasiwasi, nami ningekuwa upande wao iwapo pendekezo lingekuwa watoto wakaanike dagaa wa mtu. Kwa hiyo sharti langu ni kwamba mwanafunzi aende mwaloni na daftari, mwalimu wa somo awepo mwanzo hadi mwisho, na kazi ya siku hiyo isahihishwe na kupewa alama kama kazi nyingine.

Chukueni mfano wa bibi wa Igombe aliyeanika dagaa maisha yake yote. Humshika dagaa mmoja kwa vidole viwili na kumkunja: akivunjika, amekauka, akipinda, bado ana maji, na gunia likifungwa hivyo litaota ukungu kabla halijafika sokoni Kirumba. Ataeleza pia kwa nini dagaa wa kichanjani hukauka upesi kuliko wa mchangani, kwa kuwa upepo huwapitia juu na chini. Hapo mwalimu wa sayansi ameshapata somo la uvukizi, na wa hisabati, akipima dagaa wale wale wakiwa wabichi na tena wakikauka, amepata asilimia. Mvuvi naye ataeleza kwa nini uvuvi wa dagaa hudorora siku za mbalamwezi, mwanga wa mwezi unapozipunguzia taa nguvu ya kuwavuta samaki. Mitihani haina swali la nyavu, ni kweli, lakini uvukizi na asilimia vimo.

Wapo pia wanaohofia kwamba mzee anaweza kufundisha makosa, kwa mfano kulitetea kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, ambalo sheria imelikataza. Hilo linawezekana, na ndiyo sababu nyingine ya kumtaka mwalimu awepo. Hata hivyo, mzee aliyevua miaka ya 1970 aliwaona furu, samaki wadogo wa ziwani, wa aina nyingi ambao mtoto wa leo hawajui, kabla sangara wanaowala hawajatapakaa. Ushahidi huo mwanafunzi anapaswa kuuandika wakati wazee hao wangali hai, kisha aulinganishe na kitabu chake.

Kwa sekondari, mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, ulioanza Januari 2024 umekwisha kufungua mlango. Kinachonisumbua ni malipo, kwa sababu si haki bibi yule aache biashara yake asubuhi nzima kwa shukrani tupu. Naomba wachangiaji waanzie hapo: posho yake itolewe na halmashauri, au wazazi wachangie kupitia kamati ya shule?