Tupeane uzoefu: mke na mume mliotengeneza nyumba kwa mikono yenu, sakafu na skatingi mlifanyaje?

#1, mwanzisha uzi, Kibaha

Habari zenu wapendwa. Nafungua uzi huu kwa wale waliokarabati au kumalizia nyumba zao wenyewe, mke na mume, yaani mmeshika mwiko na grinda kwa mikono yenu, sio kumpa fundi hela ukarudi jioni kukagua. Naomba tusimuliane hasa habari za sakafu na zile kazi za kumalizia pembeni, skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta panapokutana na sakafu), fremu za milango na kadhalika, maana sisi huko ndiko tulikotoka jasho na hakuna aliyetuambia kitu mapema.

Naanza mie. Tulihamia nyumba ikiwa bado pagale, madirisha tumeziba kwa mabati na turubai, tulichoka na kodi ya miezi sita sita Dar. Chini jamvi tupu, yaani lile zege la sakafu, kila ukifagia vumbi la simenti linainuka, mtoto ndo anatambaa magoti yote yamechubuka. Fundi akatupigia hesabu ya vyumba vitatu na sebule, tukaangaliana, hela ya tailizi ipo ila ya ufundi haipo. Mume wangu akasema mama, tuanze na chumba chetu wenyewe, kikiharibika kimeharibika kwetu.

Chumba kina mita 3.5 kwa 4, kwa hiyo mita za mraba 14, ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unapata 15.4. Boksi la tailizi za 60 kwa 60 lenye tailizi nne linafunika 1.44, tukanunua boksi 11. Hapo tulipatia. Tulipokosea ni chini ya tailizi.

Jamvi letu lilikuwa na mabonde, sasa badala ya kulisawazisha kwanza mume wangu akawa anaweka madonge ya simenti na mchanga matano kila tailizi, manne kwenye pembe moja katikati, anabandika anagongagonga na nyundo ya mpira mpaka pima maji ikae sawa. Jamani ilipendeza, nilipiga picha nikamtumia mama. Wiki ya tatu tunasogeza kabati, mguu wake ukatua kwenye ukingo wa tailizi nikasikia kaa, imepasuka kona nzima. Nikachukua sarafu ya mia mbili nikapiga magoti nikaanza kugonga moja moja. Iliyoshika vizuri inatoa mlio mfupi mkavu, tk tk. Iliyo tupu chini inalia ngo ngo kama mlango wa flashi. Kila iliyolia ngo ngo naweka alama ya chaki, kufika dirishani nina alama 19.

Kuja kuuliza ndo tukaelewa makosa yalikuwa mawili. La kwanza hayo madonge, kati ya donge na donge kuna hewa tu, uzito ukitua hapo hakuna kilichoshikilia. La pili tailizi zenyewe ni posilini, na posilini hainywi maji, hata nusu asilimia haifiki, simenti ya kawaida haina pa kung'ang'ania. Inataka gundi yake ya unga, unaipaka chini yote kwa mwiko wenye meno, mistari ielekee upande mmoja ili hewa ipate pa kutokea. Zile za seramiki za ukutani ndo zinakunywa, ndio maana unaona mafundi wanaziloweka kwenye ndoo.

Tukabandua chumba kizima. Sitaficha, siku ile tuligombana, nilimwambia maneno ambayo mpaka leo najutia na yeye alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nimeamka namkuta ameshatandaza mpira wa plastiki unaoonyesha, ameujaza maji wa kupimia usawa, mwisho mmoja ameufunga msumari karibu na mlango, ananiita njoo unishikie huku dirishani. Maji yakatulia tukaweka alama ukuta huu na ule, kupima kutoka alama kwenda chini tunakuta tofauti ya sentimita 3! Sakafu ilikuwa imelala na sisi hatukujua. Tukapiga skridi mpya, yaani tabaka la kusawazisha, simenti moja mchanga nne, tukaimwagilia siku 7, halafu tukaiacha ikauke kweli kweli, tunalala sebuleni wote na mtoto. Mara ya pili tukagawana kazi, yeye anapima na kukata, mie napaka gundi na kulaza maana mkono wake una nguvu sana anazamisha. Mpaka leo chumba kile hakijalia ngo ngo hata kimoja.

Haya, karibuni na nyie.

#2, Zanzibar

Asalaam aleykum. Dada umenigusa, yetu sie ni nyumba kongwe, alorithi mume wangu kwa bibi yake, Mji Mkongwe ndani. Hichi kitu cha kuweka simenti penye si pake ndicho kilichotutesa.

Nyumba zile kuta zake mawe ya matumbawe na chokaa, dari na sakafu ya juu imeshikwa na boriti za mikoko, ndo maana vyumba vyembamba, upana unafuata urefu wa boriti, mita tatu hazifiki. Kabla yetu kuna jamaa alikaa akapiga plasta ya simenti ukuta wote wa chini kwa nia njema, apate ukuta laini wa kupaka rangi. Ukuta wa matumbawe unavuta maji kutoka chini na una chumvi yake, na chokaa inauacha upumue, maji yanapanda yanatoka taratibu. Simenti imeziba. Basi chumvi ikajikusanya nyuma ya plasta, ukuta umefura kama andazi, ukibonyeza kwa kidole inamomonyoka na unga mweupe ndani. Tulipaka rangi mara mbili tukidhani tatizo rangi.

Mie na mume wangu tuliigwangua simenti ile kwa tindo, mwezi mzima, kila baada ya alasiri akitoka kazini. Tukauacha ukuta uchi miezi, watu wakipita wanatuuliza mmeishiwa? Chokaa tuliiloweka pipani mapema, kadiri ikikaa ndani ya maji ndo inakuwa laini kama mtindi mzito, unachanganya na mchanga unapiga matabaka membamba, hili likauke kabla ya lile. Vaa miwani jamani, tone moja lilinirukia jichoni nimekimbizwa kuoshwa maji nusu saa.

Sakafu ya juu tulitamani marumaru. Mzee mmoja wa kazi hizi akatukataza, akasema boriti zile zishabeba mawe na chokaa ya kutosha, mkiongeza zege na marumaru mtaamkia chini. Tukabadilisha boriti tatu zilizooza ncha kwa upande wa ukuta unaovuja, juu tukarejesha chokaa tukaisugua. Na msisahau ruhusa, mji ule uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, huwezi kugusa unavyotaka, ulizeni Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza.

#3, Nakuru

Sisi tuliweka mkeka wa mbao, ile plastiki ya kuroll yenye sura ya mbao. Huku ni baridi, bwanangu hakutaka tiles kabisa, asubuhi ukikanyaga miguu inaganda. Tulinunua tukabandika wenyewe wikendi moja na gundi, ikakaa poa kabisa, kumbe simiti ya chini ilikuwa bado na maji. Mwezi mmoja tu ikaanza kuinuka katikati kama chapati ikiiva, na ukiinua kona inanuka uvundo.

Kitu ningejua mapema ni hii, chukua karatasi ya nailoni safi, weka kwa floor, bandika tepu kingo zote nne, acha usiku mzima mpaka kesho. Ukiinua upate matone chini ama simiti imekuwa nyeusi hapo, ngoja, hiyo floor haijakauka. Sisi tulitoa yote, tukangoja, tukarudia hiyo nailoni mara nne hivi mpaka ikatoka kavu. Saa hii ina mwaka na nusu na haijainuka.

#4, Dodoma

Wakuu na skatingi je? Kona mnakataje, sisi ndo tumefika hapo na mke wangu tunabishana tununue za plastiki au tukate tailizi.

#1, Kibaha

Kaka sisi tulikata tailizi zile zile. Tailizi ya 60 inatoa vipande 6 vya kama sentimita 9 na nusu, diski nayo inakula yake. Chumba chetu kuzunguka ni mita 15, toa mlango inabaki 14 na kidogo, kwa hiyo tailizi nne zilitosha. Ila angalia hapa, tailizi moja ina kingo mbili tu za kiwandani kwa upande ule, vile vipande vinne vya katikati vyote vina ukingo wa kukatwa juu na chini, na ukingo wa juu ndo unaonekana. Mie nilikaa kibarazani na jiwe la kunolea visu nasugua kipande kimoja kimoja mpaka kidole kikipita hakikwaruzwi. Kazi ya siku mbili, lakini ukiangalia sasa huwezi kujua kipi ni kipi. Kona ya ndani vikutanishe tu, ya nje ndo unakata nyuma kwa mshazari nyuzi 45 kila kimoja. Na maungio ya skatingi yafuate maungio ya chini, yakipishana jicho linaona tu hata kama hujui unaona nini. Kata nje, barakoa usoni, vumbi lile la tailizi ni baya kifuani.

#5, Minnesota, Marekani

Nami nichangie ingawa huku nyumba ni za mbao. Tulinunua nyumba ya miaka ya 1950, bei yake ilishuka sababu ya kapeti chafu, mke wangu akainua kona ya kapeti kabatini siku ya kutazama nyumba akanikonyeza, chini kuna mbao za mwaloni nzima nzima.

Kabla hujagusa nyumba ya zamani huku pima kwanza. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba mwaka 1978, kwa hiyo ya kabla ya hapo usiipige msasa mkavu ukiwa na mtoto ndani, wa kwetu alikuwa na miaka miwili. Na jikoni chini ya zulia la plastiki tukakuta vigae vidogo vya inchi 9 kwa 9, vile mara nyingi vina asbesto, tukapeleka kipande maabara ikathibitika, tukaviacha palepale bila kuvivunja tukafunika juu.

Mashine ya kusugua sakafu tulikodi. Ile usisimame nayo hata sekunde mbili ikiwa imegusa chini, inachimba bonde. Nilichimba moja karibu na dirisha na kila jua la asubuhi likipiga naliona. Zile mbao za pembeni za chini ya ukuta mke wangu alizing'oa kwa patasi pana taratibu akaandika namba nyuma kwa penseli, ukuta wa kaskazini 1, 2, 3, zikarudi zote mahali pake. Mpya za chumba kimoja kilichokosa, kona za ndani usikate 45 kwa 45, kuta hazina mraba kamili, itaachia. Moja ifike ukutani moja kwa moja, ya pili uikate mwisho wake kwa msumeno mwembamba ifuate umbo la mwenzake, inakumbatia. Baridi ikija hita zinakausha hewa mbao zinasinyaa, kona ya 45 inafunguka, hii ya kukumbatia haionyeshi.

La mwisho, matambara ya kupakia mafuta ya mbao msiyatupe yamekunjwa kwenye pipa. Yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze nje yakauke moja moja. Nyumba ya jirani yetu gereji iliungua hivyo.

#6, Tabora

Mimi na mama watoto wangu tulifanya milango. Mninga upo wa kutosha huku, tukanunua mbao mbichi kwa bei nzuri, nikaranda, nikaunga fremu, nikapachika, akapiga vanishi mikono mitatu. Kiangazi kilipofika fremu zikasinyaa, kati ya fremu na ukuta kidole kinapita. Mbao mbichi zinatakiwa zikae kivulini zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite, miezi, na mimi sikuwa na subira hiyo. Niliziba kwa vumbi la randa la mninga ule ule nikalichanganya na gundi, rangi ikakubali.

Halafu skatingi za mbao usipige ukutani kabla hujakagua mchwa. Sisi tulikuta vichuguu vyembamba vya udongo vinapanda nyuma yake, mbele vanishi inang'aa, ukiminya mbao inazama kama mkate. Dawa ya mchwa ingepigwa chini kabla ya jamvi. Tumezitoa zote, sasa tunaweka za tailizi kama dada wa Kibaha.

#1, Kibaha

Jamani asanteni, ile ya nailoni tumeijaribu sebuleni na ikatuokoa, kona ya upande wa bafu ilikuwa na matone, tukasubiri wiki mbili zaidi. Jumamosi tumemaliza. Nimepita na sarafu yangu tailizi zote, ni moja tu karibu na mlango inalia ngo ngo, na mume wangu ashaenda kuchukua grinda.