Gari la langalanga lenye matairi SITA, baba mdogo alikuwa anatupiga kamba au lilikuwepo kweli?

Mtoto wa Chumbageni:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa wanaojua magari ya langalanga ya zamani maana mimi mbio ninazozijua ni za bodaboda tu. Baba yangu mdogo alikuwa baharia, miaka ya sabini meli yao ilikuwa inashusha mizigo Tilbury kule Uingereza, mwisho akabaki huko huko miaka na miaka, alivyorudi Tanga alirudi na sanduku la bati na redio basi. Katutoka mwaka juzi. Wiki iliyopita tunasafisha chumba chake tukakuta mle sandukuni kopo la biskuti limejaa slaidi, vile vipicha unavyomulika kwenye taa, kama themanini hivi. Nusu ni meli na washkaji zake wamevaa bugaluu, nusu nyingine ni magari ya mashindano, yale matairi yako nje na dereva kichwa kinachungulia katikati.

Sasa kuna moja imenitoa jasho. Gari la bluu, namba 3, limeandikwa elf, nyuma matairi mawili mapana kama pipa ila mbele yako MANNE, madogo kama ya toroli, mawili mawili kila upande. Nimehesabu mara tatu. Ubavuni kwa dereva kuna kama kidirisha. Watu wa nyuma wako vifua wazi na nyasi zimekauka zimekuwa njano kama Dodoma mwezi wa kumi, Uingereza gani hiyo?

Na kinachoniuma ni kwamba huyu mzee tukiwa wadogo alikuwa anatuambia ameona "gari tandu", sisi tunacheka mpaka tunalala chini, tukampachika jina Baba Tandu. Tulijua ni fiksi za mabaharia. Hili ni gari gani, mwaka gani? Na hizi slaidi nizifanyeje, nyingine zina ukungu mweupe, mama mdogo anasema nizioshe na maji ya sabuni.

Mlamba Lami:
Kwanza acha sabuni!!! wenzangu watakuelezea. Pili nenda kamuombe mzee radhi kaburini, alikuwa anasema kweli tupu.

Hiyo ni Tyrrell P34. Ilikimbia misimu miwili tu, 1976 na 1977. Aliyeichora anaitwa Derek Gardner, na mwenye timu, Ken Tyrrell, alikuwa mfanyabiashara wa mbao, magari yao walikuwa wanayaunda kwenye banda la mbao pale Ockham, Surrey, hicho kibanda siku hizi kimehamishiwa Goodwood, kwenye uwanja wa mbio, watu wanakwenda kukiangalia kama kaburi la sharifu.

Akili yenyewe ilikuwa hivi. Sheria iliruhusu pua ya gari iwe na upana wa mita 1.5, matairi ya mbele ya kawaida yanachomoza juu ya hiyo pua, upepo unayapiga na gari linanyanyuka mbele. Gardner akasema mimi natia rimu za inchi 10, zinajificha zote nyuma ya pua. Ila tairi dogo halikamati lami ya kutosha, ndio akaweka mawili kila upande. Yote manne yanakata kona na kila moja lina breki yake. Kidirisha unachokiona ni kwa ajili ya dereva, akiwa amekaa mle matairi yake hayaoni kabisa kwa hiyo walimtobolea aweze kuchungulia, mimi hapo ndipo nilipolipenda hili gari. Mtu amekaa ofisini akafikiria mambo ya upepo yote na mwisho wa siku ikabidi atoboe bodi kama dirisha la choo.

Na lilishinda. Juni 1976, Anderstorp Sweden, Jody Scheckter wa kwanza na Patrick Depailler wa pili, P34 zote mbili. Baadaye likaishiwa pumzi kwa sababu Goodyear walikuwa wanaboresha matairi makubwa ya timu zote, haya madogo anayatumia mteja mmoja nani ahangaike nayo? Na matairi ya nyuma yalibaki makubwa yale yale kwa hiyo upepo uliookolewa mbele ukawa unagonga nyuma.

Mwaka hapo ngoma bado nzito kidogo. Namba 3 ilikuwa ya Scheckter 1976 na ya Ronnie Peterson 1977. Kama bluu ni tupu na michirizi ya njano ni 1976, kama kuna meupe mengi ni 1977, walipata mdhamini benki ya Marekani. Tuwekee picha ya karibu.

Mzee wa Kijiweni:
hata Ferrari walikuwa nalo la matairi sita mbona hamsemi

Mlamba Lami:
Walilifanyia majaribio tu, na yao yalikuwa manne nyuma, mawili mawili kwenye ekseli moja kama lori la mchanga. Halikukimbia mashindano. Timu za March na Williams nazo zilijaribu manne nyuma, nazo hazikufika popote, na kuanzia 1983 sheria ikasema matairi ni manne tu, ikawa imeisha hiyo.

Dada Spana:
Nimesoma "maji ya sabuni" nikashika kichwa. Mkuu tafadhali, slaidi ni filamu, ukungu ukishaila ile rangi inakuwa laini, ukitia maji unaondoka na ukungu pamoja na picha. Vumbi lipulize kwa kile kipampu cha mpira (usipulize kwa mdomo, mate yanaruka), ukungu upitishe brashi laini KAVU, zile mbaya sana ziache kwa wanaojua. Halafu zitoe kwenye hilo kopo maana Tanga unyevu wenu naujua, tafuta boksi la kadibodi na utupie vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya ambavyo watu wanatupa.

Kama huna skana ya slaidi usihangaike kutuma mjini zikapotee. Chukua tableti, fungua ukurasa mweupe mwanga juu kabisa, slaidi iweke juu ya vipande viwili vya mbao isigusane na kioo, iinuke kama sentimita tano hivi, ukiilaza kwenye kioo utapata vidoti vya skrini kwenye picha. Zima taa za chumbani, piga kwa kamera. Mimi nimefanya hivyo za baba yangu zaidi ya mia mbili na zinasomeka vizuri.

La mwisho, hili watu wengi wanalisahau, piga na FREMU yake, mbele na nyuma. Wazee walikuwa wanaandika kwa kalamu pale pembeni, na nyingine zilipigwa muhuri wa mwezi na mwaka ziliposafishwa. Zipe namba kwa mpangilio ule ule uliozikuta usizichanganye, picha ya kabla na ya baada ndizo zinakwambia ya katikati ilikuwa wapi.

Mimi naishi huku Midlands Uingereza, kila kiangazi naenda kuangalia hizi mashine za zamani uwanja wa Silverstone. Mwaka jana nilisimama karibu na fundi anaipasha moto injini ya DFV, anaigusagusa eksileta tu, wah-wah, pembeni kuna meza ina vikombe vya chai, vikombe vikaanza kutembea vyenyewe mpaka kimoja kikaanguka. Hiyo ndio injini iliyokuwa kwenye hilo gari la mzee wako, V8 ya lita 3, imeshinda grand prix (zile mbio kubwa za langalanga) 155 kati ya 1967 na 1983. Na P34 yenyewe bado inakimbizwa, wenye nayo walikwama miaka mingi kwa sababu matairi ya inchi 10 hayatengenezwi tena, mpaka kampuni ya matairi ya Avon walipokubali kuwatengenezea upya, na dereva Martin Stretton akashinda nayo ubingwa wa magari ya zamani mwaka 2000. Fikiria gari lilizeeka kwa kukosa tairi na likafufuka kwa kupata tairi.

Mbongo wa Joburg:
Nachangia kidogo maana Scheckter ni wa huku Afrika Kusini, mji wa East London. 1979 akawa bingwa wa dunia na Ferrari, mpaka leo hakuna Mwafrika mwingine. Baadaye akaenda kulima Uingereza na kufuga nyati wa maji akawa anatengeneza jibini, sitanii.

Ila mimi stori inayonitoa machozi ni ya dereva John Love wa Bulawayo. Grand prix ya Afrika Kusini, uwanja wa Kyalami, tarehe 2 Januari 1967, mzee wa miaka 42 na Cooper kuukuu ya injini ya silinda 4 anawafukuza mabingwa wenye injini mpya, mmoja baada ya mwingine wanaharibikiwa, Denny Hulme anaongoza breki zinamsumbua anaingia pit (pale mafundi wanapohudumia magari), ghafla huyu bwana yuko MBELE. Watu hawaamini. Zimebaki raundi 7 mafuta yanaisha, anaingia kuongeza, Pedro Rodriguez anapita na kushinda. Love wa pili. Yaani galoni chache tu. Hapa kazini kwangu kuna mzee mlinzi alikuwa kijana wakati ule, anasema alisikiliza kwenye redio na anakuigizia mtangazaji alivyonyamaza gari lilipokunja kuingia pit. Nimemrekodi kwenye simu, dakika nne, nusu yake anakohoa lakini siifuti.

Mtoto wa Chumbageni:
Dada Spana ubarikiwe, nimegeuza fremu na kweli kuna mwandiko wake, kalamu ya bluu imefifia. Imeandikwa "Brands. J'pili. Wazungu wanarusha makopo." Muhuri hakuna. Na bluu ni tupu, meupe sioni. Wazungu wanarusha makopo ndio nini sasa??

Mlamba Lami:
Weeee! Mzee wako alikuwepo uwanja wa mbio wa Brands Hatch tarehe 18 Julai 1976, na sibahatishi. Grand prix ya Uingereza ilikuwa inapokezana, mwaka mmoja Brands Hatch mwaka mwingine Silverstone, ya 1977 ilikuwa Silverstone na ilikimbizwa Jumamosi. Ya 1976 ni Brands na ni Jumapili. Na hizo nyasi njano, 1976 ndio mwaka wa ukame mkubwa Uingereza, jua kali wiki kwa wiki, ndio maana vifua wazi.

Makopo sasa. Kona ya kwanza tu, Paddock Hill, Ferrari mbili za Lauda na Regazzoni zikagongana zenyewe kwa zenyewe, James Hunt akarushwa juu gari likaumia. Mbio zikasimamishwa. Viongozi wakatangaza Hunt haanzi tena kwa sababu alirudi pit kwa njia ya mkato hakumaliza raundi. Hunt ni mtoto wa nyumbani, uwanja ukalipuka, watu wanazomea, wanarusha makopo na chupa kwenye lami, hawajali. Wakati viongozi wanabishana mafundi wa timu yake ya McLaren wanagonga nyundo, gari likapona, wakamruhusu, akashinda! Halafu Septemba wakamnyang'anya wakampa Lauda, na Scheckter na hilo tandu lako akapandishwa kutoka wa tatu kuwa wa pili. Pamoja na hayo mwisho wa msimu Hunt akawa bingwa kwa pointi moja.

Na Tilbury pale kulikuwa na kivuko cha kuvuka mto kwenda Gravesend, ukishavuka uko Kent, Brands Hatch sio mbali. Siku ya mapumziko baharia anafanya nini.

Mtoto wa Chumbageni:
Jamani. Nimemsomea mama mdogo uzi mzima, akanyamaza, halafu akasema "mlikuwa mnamcheka." Nikakosa la kujibu nikaenda nje.

Usiku nimepiga slaidi thelathini na mbili kwa njia ya tableti, zinatoka safi. Inayofuata baada ya tandu ni lami tupu na makopo yametapakaa, niliiona mwanzo nikadhani imepigwa kwa bahati mbaya, kidogo niitupe. Kesho naendelea, nitawawekea hapa zote za magari zikiwa na namba zake.

Zote isipokuwa namba 41. Hiyo kuna gari jekundu kwa mbali na mbele yake dada mmoja wa kizungu kavaa kofia ya nyasi kamshika baba mdogo mkono. Hiyo mama mdogo sijamuonyesha.