Mnaogeuza supu nzito ya kopo kuwa "lita" kwenye mapishi mnatutia hasara

Wanajamvi, nimefungua uzi huu nikiwa bado na hasira. Jumamosi iliyopita nilimwaga trei mbili za wali wa kuku wa kuoka, chakula cha watu thelathini waliokuja kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu hapa Marekani, na chanzo cha hasara hiyo ni mstari mmoja wa pishi lililotafsiriwa kwa Kiswahili: "supu ya uyoga, lita 1.2."

Pishi la Kiingereza, ambalo nililitafuta baada ya kuharibikiwa, linataka makopo manne ya supu nzito isiyoongezwa maji. Kopo dogo la kawaida limeandikwa uzito wa wakia 10.5, yaani gramu 298, kwa hiyo makopo manne ni gramu 1,192. Mtafsiri aliichukua namba hiyo akaifanya lita, akaacha neno "nzito", na akaacha pia onyo la kutoongeza maji. Sasa mtu aliyekulia kwetu ukimwambia supu, anaijua supu: ile ya mbuzi au ya utumbo inayonywewa asubuhi kwa chapati, ambayo ukiinamisha bakuli inamwagika. Kilichomo kwenye kopo hili ni rojo iliyoshikamana kama uji uliopoa. Nikafungua makopo mawili, nikaongeza maji makopo mawili kama maelezo ya ubavuni yanavyoelekeza, nikapata lita 1.2 nikaamini nimefuata pishi. Kumbe nilikuwa nimeweka nusu ya supu iliyotakiwa, na mahali pa nusu nyingine nikaweka karibu mililita 600 za maji, ilhali pishi lilikwisha kuwa na maji yake ya kuivisha mchele.

Nilipofunua foili, maji meupe yalikuwa yamesimama juu, mchele umepasuka, na kuku amepauka. Nikataka kuokoa jahazi kwa unga wa ngano, nikarudi kwenye jedwali la mtafsiri huyohuyo, ambalo linadai kila mililita ni gramu moja, liwe la maji, la supu au la unga. Robo kikombe cha unga likasema gramu 60. Robo kikombe cha unga ni gramu 30 hivi! Nikatia maradufu, na kile kilichokuwa maji kikawa gundi yenye madonge.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba kwa supu hii hesabu yenyewe ni nyepesi. Uzito wake kwa ujazo haupishani sana na ule wa maji: gramu 298 hutoa takriban kikombe kimoja na robo cha Kimarekani, yaani mililita 295 hivi. Kuwa nzito kwa kijiko si kuwa nzito kwa mizani. Kwa hiyo aliyeandika mililita badala ya gramu angeweza kusamehewa laiti angeeleza kwamba supu inapimwa kama ilivyotoka koponi.

Wengine wanaingia mtego wa wakia. Marekani kuna wakia ya uzito, ambayo ni gramu 28.35, na wakia ya ujazo, ambayo ni mililita 29.57. Kanuni za huko zinataka chakula cha majimaji kama maziwa kiandikwe kwa ujazo, na kilicho kigumu au kizito kiandikwe kwa uzito, ndiyo maana kopo la supu nzito huandikwa uzito. Anayezidisha 10.5 kwa 29.57 na kutuandikia "mililita 310" hakusoma neno lililo kando ya namba. Tofauti hiyo kwa chakula kama hiki inavumilika, lakini ni uzembe uleule.

Halafu kuna kikombe. Cha Marekani ni mililita 237 hivi, cha Australia ni 250, na cha chai nyumbani kwako hakijulikani. Hata ukiwa na kikombe sahihi, supu hii haipimiki humo kwa uhakika. Hutoka koponi ikiwa imesimama wima, na mikunjo ya bati imechapwa ubavuni mwake, inakaa kikombeni ikiacha uwazi wa hewa chini, na ukiimimina inaacha vijiko viwili vimeganda ukutani. Mimi sasa naliweka kopo lililofunguliwa juu ya mizani, nabonyeza sifuri, nachota. Namba inayosomeka chini ya sifuri ndiyo gramu nilizotoa, wala sichafui chombo cha pili.

Nawaomba, na naomba kwa ukali, mnaoandika mapishi haya: andikeni gramu, andikeni makopo mangapi na ya ukubwa gani, kwa sababu yapo pia makopo makubwa ya wakia 50 ambayo ni karibu madogo matano, na andikeni wazi "bila kuongeza maji." Aliyeweka lile jedwali la mililita na gramu alitoe au alirekebishe kwa kila kitu peke yake, akianza na unga. Pishi lile la lita 1.2 mpaka asubuhi hii bado liko vilevile, na chini yake kuna mtu anauliza kama linafaa kwa msiba wa Jumapili. Nimeshamjibu asilitumie.