Tupeane uzoefu: Tigran Petrosian amekubadilisha vipi kwenye sataranji?

Mleta mada
Wakuu, tukizungumzia mabingwa wa zamani tunaishia kwa Tal, Fischer na Kasparov. Leo tumpe heshima yake Tigran Petrosian, Muarmenia aliyezaliwa Tbilisi mwaka 1929, akamvua Botvinnik ubingwa wa dunia mwaka 1963 kwa 12.5 kwa 9.5 na kuushika hadi 1969. Wapo wanaomwita mzee wa sare. Siafiki hata kidogo.

Naanza mimi. Mchezo ulionibadilisha ni wake na Reshevsky, Zurich 1953. Petrosian ana kete nyeusi, amebanwa, na vitunda vya Reshevsky vimetawala katikati ya ubao. Hatua ya 25 anaipeleka ngome kwenye mraba wa e6, palepale ambapo askofu wa mpinzani anaweza kuila! Alichotaka ni njia: farasi wake wa c6 apite e7 afike d5, na akishakaa hapo hakuna wa kumng'oa. Ngome ikaliwa kweli, farasi akafika, vitunda vikakwama, mchezo ukaisha sare. Hiyo sare naithamini kuliko ushindi mwingi niliowahi kuuona. Tangu hapo, kabla ya kuhesabu thamani ya kete nauliza kwanza inafanya kazi gani pale ilipo.

Karibuni, kila mtu na yake.

Mdau, Mombasa
Mimi nafundisha vijana mtaani. Petrosian alinipa swali moja ambalo nalirudia kila jioni: mwenzako anataka nini? Kuna kijana wangu alikuwa na shambulio zuri upande wa mfalme, kila mtu pale akingoja atoe kafara. Yeye akamsogeza mfalme wake h1, taratibu. Mpinzani alikuwa anategemea kumtishia mfalme kwa ule mshazari wa g1, sasa hana kitu. Shambulio likaendelea bila usumbufu na kijana akashinda. Nilifurahi mno, maana hatua hiyo hakuambiwa na mtu.

Mdau, Dodoma
Yangu si ya ubaoni sana. Binti wa kaka yangu anavaa kifaa cha kusikia na alikuwa anakificha kwa kitambaa. Nikamwonyesha picha ya Petrosian akiwa na chake, nikamweleza kwamba bingwa huyu alikuwa akikizima ukumbi ukiwa na kelele, anabaki na mchezo wake. Akauliza maswali mengi kuhusu huyo baba, kisha akataka afundishwe sataranji. Sasa hivi kunishinda mimi ni jambo la kawaida kwake.

Mdau, Nairobi
Heshima kwenu, lakini nimejaribu michezo yake mara kadhaa na usingizi unanichukua. Mashambulizi yako wapi?

Mleta mada
Mkuu, fungua mchezo wa 10 dhidi ya Spassky, mechi ya ubingwa ya 1966. Hatua ya 30 anampeleka malkia h8, shahi (yaani anamtishia mfalme moja kwa moja), ubavuni mwa mfalme wa Spassky. Mfalme akimla, farasi wa Petrosian anakula ngome ya f7 na kuwatishia mfalme na malkia wa g5 kwa pamoja. Spassky akasalimu amri hapohapo. Mtu huyu alijua kushambulia. Ila hakuanza mpaka ahakikishe nyumba yake imefungwa.

Mdau, Nairobi
Nimeucheza wote sasa hivi. Aisee! Usingizi umeisha.

Mdau, Dubai
Nilipata likizo nikapanda ndege hadi Yerevan kwa ajili yake tu. Nyumba ya Sataranji ya pale, jengo la pembe tatu, ina jina lake. Noti ya dram 2,000 ina picha yake, nimeihifadhi moja. Na tangu 2011 sataranji ni somo la lazima katika shule za msingi za Armenia. Mzee mmoja tuliyecheza naye bustanini aliposikia natokea Afrika Mashariki na nimemfuata Petrosian, alinishika mkono akakataa kuuachia.

Mdau, Kampala
Msisahau Olimpiadi za sataranji, mashindano ya timu za mataifa. Alicheza 10 na kufungwa mchezo mmoja tu, na Hübner, Skopje 1972. Mimi nacheza ubao wa pili kwenye timu yetu, na kocha akinipa kazi ya kutofungwa, usiku wake napitia michezo ya Petrosian.

Mleta mada
Safi sana. Mwenye uzoefu wa kucheza hatua yake ya a3 dhidi ya Kihindi cha Malkia (aina ya ufunguzi wa mchezo kwa kete nyeusi) atuwekee mchezo wake hapa, hatua kwa hatua.