Mchezaji wangu wa kikapu kagonga kisogo, eksirei safi, kambi ya mkoa inaanza Jumatatu. Nimruhusu?

Ticha_Kikapu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana ya bweni, Kanda ya Ziwa. Naomba ushauri, hasa kwa madaktari na kwa dada zetu waliocheza kikapu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mechi ya kirafiki kwenye uwanja wa saruji. Robo ya tatu pointigadi wangu (mpangaji wa mchezo), binti wa kidato cha tatu mwenye miaka 16, aliruka kugombea ribaundi (mpira uliokosa kikapu), akala kiwiko cha shavu, akaanguka chali na kisogo kikapiga chini. Hakuzimia. Alikaa kidogo, akainuka, akataka kuendelea. Nikamtoa kwa sababu alikuwa anayumba, naye akanuna benchi mpaka filimbi ya mwisho.

Tulimpeleka kituo cha afya, wakapiga eksirei ya kichwa, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, wakampa panadol. Tangu siku hiyo ukimuuliza anasema yuko fiti. Lakini jana matroni kaniita pembeni: taa za bweni zikiwashwa binti anajifunika kanga usoni, na wakati wa prepo anakaa na ukurasa uleule mpaka kengele. Mwalimu wa hesabu naye kaniambia anauliza swali alilojibiwa muda si mrefu.

Kambi ya mkoa ya maandalizi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, inaanza Jumatatu. Mkuu wa shule anasema karatasi ya kituo cha afya ipo, aende. Baba yake kanipigia: "Mwalimu, usimkatie mwanangu riziki." Binti mwenyewe analia kila akiniona, maana wanaambiana bwenini kwamba makocha wa timu za majeshi watakuja kutazama, na anayechukuliwa huko anaweza kupata na ajira.

Nifanyeje? Na kama asiende, atarudi lini uwanjani?

Mtu_wa_Lami
Ticha unakuza mambo. Sisi tumecheza kwenye lami, ukigongwa unamwagiwa maji ya kichwa, unarudi ndani. Eksirei safi, unataka nini tena? Mpeleke mtoto kambini.

Tabibu_Zamu
Mtu_wa_Lami, hao unaowakumbuka ni waliosalimika.

Ticha, hongera kwa kumtoa. Ulichoeleza kina dalili za mtikisiko wa ubongo, na mtikisiko hausubiri mtu azimie. Wengi wanaoupata michezoni hawapotezi fahamu kabisa. Ubongo uko ndani ya fuvu umezungukwa na maji. Kichwa kikisimama ghafla, wenyewe unaendelea kusogea, nyuzi zake zinavutika na kemia ya seli inavurugika. Chukulia simu iliyodondoka: kioo hakina ufa, ila programu zinaganda. Eksirei inaangalia kioo tu. Hata CT, ile picha ya kichwa ya kompyuta, ambayo siku hizi hospitali nyingi za rufaa za mikoa wanayo, kazi yake ni kutafuta damu iliyovuja au mfupa uliopasuka. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani humo. Kwa hiyo karatasi ya mkuu wa shule inasema fuvu ni zima. Kuhusu ubongo haijasema kitu.

Kukimbia mwanga, kusoma bila kuelewa, kusahau jibu alilopewa sasa hivi: mwenye hayo hachezi, hafanyi mazoezi na wenzake, haendi kambini. Akigongwa tena kabla hajapona, hata kidogo, dalili zinaweza kuvuta miezi. Na kwa vijana imewahi kutokea ubongo ukavimba ghafla baada ya pigo la pili na kuua. Ni nadra sana, lakini wengi wa waliokutwa na hilo ni vijana wa rika la huyo binti.

Kesho apelekwe hospitali aonwe na daktari, maana siku zimepita na dalili zipo. Usiku wa leo matroni amwangalie. Akitapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yakizidi, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, akiongea kwa kuvuta maneno, mboni za macho zikawa hazilingani, au akilala asiamshike, msisubiri kukuche. Maumivu ya kichwa panadol inatosha, na asipewe diklofenaki wala aspirini kabla daktari hajamwona.

Kisima
Samahani Tabibu, si wanasema aliyegonga kichwa asiachwe alale? Bibi yangu alimkesha mjomba kwa makofi usiku kucha. Na mimi kwa upande wangu ningeongeza maombi, mambo ya kichwa si ya kuyachukulia poa.

Tabibu_Zamu
Maombi hayazuiwi, Kisima. Makofi ndiyo yaachwe. Mtu akishaonwa na daktari na hana dalili za hatari, usingizi ni sehemu ya matibabu yake.

Kuna kosa la upande wa pili pia: kumfungia mgonjwa chumba cha giza wiki nzima. Wataalamu wa mtikisiko wa michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walilieleza hilo vizuri, na mwongozo wao ukatoka 2023. Saa 24 hadi 48 za mwanzo apumzike, simu na TV zipunguzwe. Baada ya hapo atembee, ajishughulishe kidogo, ilimradi dalili hazipandi sana. Shule nayo anairudia kwa kipimo.

Kwa bweni maana yake: hakuna mchakamchaka, hakuna kufyeka, asibebe ndoo ya maji kichwani, na ile tabia ya kuamka saa kumi alfajiri kujisomea aiache kwanza. Prepo asome kidogo, apumzike, aendelee. Mtihani wa wiki hii aombewe nafasi baadaye.

Jezi_Namba_7
Ticha, mimi nimecheza ligi ya Dar miaka kadhaa, na ninachoweza kukuambia ni hiki: usimuulize "upo sawa?" Hakuna mchezaji wa kike atakayekujibu hapana. Wavulana wakikosa mashindano haya kuna mengine, kuna bonanza, kuna mdhamini. Sisi ukipoteza nafasi mwaka huu hujui mwakani hata ligi yenyewe itachezwa vipi. Basi unameza.

Kwenye timu yetu tulikuwa na senta aliyepigwa goti la kichwa tukigombea mpira chini. Alisema yuko sawa. Nahodha akamsogelea na kumuuliza: tuko robo ya ngapi? Nani kafunga kikapu cha mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Akajibu la kwanza tu. Nahodha akamvua bendi ya kichwa na kumkalisha, kocha akafoka sana, na dada yule alichukua zaidi ya mwezi kurudi. Leo anacheza bado.

Maswali hayo hata madaktari wa michezo wanatumia ya namna hiyo. "Leo ni tarehe ngapi" haisaidii, mchezaji mzima pia hajui tarehe akiwa kwenye mechi.

Tabibu_Zamu
Kweli kabisa. Ila Ticha ajue na upande huu: hata mchezaji akijibu yote sawasawa, kama ana kizunguzungu au anayumba, anatoka na harudi siku hiyo.

Mama_wa_Ohio
Salamu kutoka Columbus. Binti yangu anacheza kikapu sekondari huku Marekani, na yalimkuta msimu uliopita. Huku kocha hana ruhusa ya kubishana. Ni sheria. Ilianzia jimbo la Washington mwaka 2009, ikapewa jina la Zackery Lystedt, kijana wa miaka 13 ambaye mwaka 2006 aligonga kichwa kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, akarudishwa uwanjani siku ileile, akaanguka na kubaki na ulemavu mkubwa. Kufikia 2014 majimbo yote yalikuwa na sheria ya namna hiyo: ukishukiwa tu, unatoka, na hurudi mpaka mtaalamu wa afya aandike.

Na kama baba wa binti anadhani hii ni deko ya shule, mwambie habari za WNBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya wanawake huku Marekani. A'ja Wilson Juni 2025 aligongwa kichwani, akakaa nje mechi tatu. Mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa ligi kwa mara ya nne, na timu yake, Las Vegas Aces, ikachukua ubingwa. Kwenye fainali hiyohiyo Satou Sabally wa Phoenix, ambaye baba yake ni Mgambia mwenzetu Mwafrika, aligongwa kichwani robo ya nne ya mechi ya tatu. Baada ya mechi hiyo timu yake ilikuwa nyuma kwa mechi tatu bila, wakifungwa moja tu wameondoka. Mechi ya nne hakucheza. Wakafungwa, msimu ukaisha. Hiyo ilikuwa fainali ya dunia nzima kutazama. Kambi ya mkoa ni nini?

Mtu_wa_Lami
Sawa, la Sabally limeniingia. Lakini hao wana mishahara hata wakikaa benchi. Huyu binti akikosa kambi nani atamlipa?

Ticha_Kikapu
Ahsanteni sana. Mtu_wa_Lami, swali lako ndilo la baba yake, na sina jibu zuri.

Tabibu, mawili. Mwalimu wa kike hapa ameniambia wasichana huumia hivi zaidi ya wavulana, ni kweli au maneno ya mtaani? Na wengine wanasema inahusiana na siku zao, nikashindwa kuuliza zaidi. La pili, hatua za kurudi uwanjani zikoje?

Tabibu_Zamu
Ni kweli. Takwimu za michezo ya vyuo vya Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kwenye kikapu, mchezo uleule kwa sheria zilezile au za karibu sana, wanawake hupata mtikisiko kwa kiwango cha juu kuliko wanaume. Tafiti nyingi pia zinaona dalili zao hukaa muda mrefu zaidi. Misuli ya shingo inatajwa: shingo nyembamba inaacha kichwa kirushwe zaidi. Homoni zinachunguzwa, na ndiko yalikotoka hayo ya hedhi, lakini hakuna jambo la kukufanya umpangie msichana mechi kwa kalenda. Inatajwa pia kwamba wanawake wanasema ukweli zaidi wakiumia. Kwa alichoandika Namba 7, kwetu huku sina hakika na hilo.

Hatua ni sita, kila moja angalau saa 24. Kwanza shughuli za kawaida za siku. Pili mazoezi mepesi ya kumpandisha mapigo ya moyo, kutembea kwa haraka au baiskeli, kisha kuongeza taratibu. Tatu mazoezi ya kikapu akiwa peke yake: kudunda, kurusha, kukimbia na kugeuka, pasipo mtu wa kumgonga. Hapa ndipo wengi wanaharakisha, kwa sababu binti anaonekana mzima. Kabla ya hatua ya nne dalili ziwe zimekwisha kabisa, hata akitokwa jasho, darasani awe amerudi kikamilifu, na daktari amruhusu. Nne, mazoezi na timu bila kugusana. Tano, mazoezi kamili, ribaundi na kila kitu. Sita, mechi. Dalili zikirudi kuanzia ya nne, anarudishwa ya tatu.

Kwa umri wake wengi hupona ndani ya mwezi. Ukipita mwezi bado, atafutiwe mtaalamu.

Kocha_Mzee
Yote sawa, na uwanja je? Nguzo za magoli za shule nyingi ni chuma kitupu, hatua moja nyuma ya mstari. Ticha, tafuta godoro kuukuu, lifunge kwenye nguzo kwa kamba za mpira. Futa mchanga kwenye saruji kabla ya mechi, maana wengi wanateleza. Na mwambie refa kabla ya kuanza kwamba viwiko apige faulo mapema. Kwenye mechi za wasichana marefa wengi wanaacha viwiko eti hawana nguvu ya kuumizana. Nimegombana nao sana kwa hilo.

Jezi_Namba_7
Ticha, wazo. Kwa nini asiende kambini kama mwandishi wa skoa mezani? Makocha wataona uso wake, atajuana na watu, hatagusa mpira.

Tabibu_Zamu
Nia nzuri, ila basi la barabara ya vumbi, jua la mchana, filimbi na vuvuzela siku nzima kwa mtu anayejifunika kanga kwa taa ya bweni? Hapana kwa sasa. Akishamudu darasa zima bila kuumwa kichwa, hata kama kambi inaendelea, aende akae mezani.

Ticha_Kikapu
Nimeelewa. Jina la mbadala nimelipeleka kwa afisa michezo leo, na nimemweleza sababu. Amekubali kumpokea binti baadaye mezani, daktari akiruhusu. Kocha mmoja wa timu ya wanawake nimempigia, nikamtumia video ya binti ya mwezi uliopita. Hajaahidi kitu ila ameitazama. Baba yake anakuja kesho, tutakwenda wote hospitali ili asikie mwenyewe kwa daktari.

Swali la mwisho Tabibu. Tukifika niombe CT? Bima ya binti imeisha, itabidi tuchange walimu.

Tabibu_Zamu
Msichange bado. Mweleze daktari alivyoanguka, alichoona matroni na alichosema mwalimu wa hesabu, vyote ukiwa umeviandika na siku zake. Yeye akishampima ataamua kama CT inahitajika. Zile dalili za hatari nilizotaja zikitokea usiku huu, hapo nendeni moja kwa moja na pesa itajadiliwa mkiwa mmeshafika.

Mtu_wa_Lami
Ticha, nipe namba ya kutuma, ya nauli ya kwenda hospitali niko nayo.