Tupeane uzoefu: mvua ikinyesha, mashua yako inavujia wapi?

BahariaWaJumapili (mwanzisha mada)

Heshima kwenu wakuu. Nina mashua ya tanga ya futi 24, ya faiba, kabini yake ndogo ya vitanda viwili. Ikiwa safarini haina neno: mawimbi yanapiga ubavuni na ndani pakavu. Ila ikiwa imefungwa gatini na mvua ya usiku ikashuka, tone linaangukia kitanda cha kushoto, pale pale kichwa kinapolala. Tone, unahesabu mpaka 14, tone.

Juu ya kitanda hicho kuna dirisha, basi nikalihukumu dirisha. Nikalizungushia silikoni. Mvua iliyofuata, tone. Nikabandua, nikapaka tena, safari hii kama nakandika ukuta. Tone. Sasa godoro limechorwa ramani na mke wangu amehamia kitanda cha kulia.

Kabla sijaanza kung'oa vitu ovyo, nataka kusikia ya kwenu. Yako ilivujia wapi, na ulijuaje? Karibuni.

Demani

Pole mkuu. Kwanza kabisa, umeonja? Usicheke. Kinga tone kwenye kidole, onja. Yakiwa na chumvi ni ya bahari, yakiwa hayana chumvi ni ya mvua. Ila mvua ya kwanza baada ya safari huosha chumvi iliyokauka sitahani, yaani sakafu ya juu ya mashua, hiyo itakudanganya, subiri ya pili. Na ni tone la darini nasema, si maji ya ngama, yale yanayotuama chini kabisa ya mashua. Hayo usiyaonje, mna dizeli na mengine.

Mimi nilisaka tundu la mvua mwezi mzima, kumbe ni jasho la mashua yenyewe. Watu wawili tunapumua humo usiku kucha na madirisha yamefungwa, mvuke unakutana na faiba ya baridi, unageuka maji na kuteremka nyuma ya bitana ya dari. Nilishtuka siku ambayo nje nyota zimejaa tele, halafu dari linadondosha. Nikaweka matundu mawili ya hewa, moja mbele na moja nyuma, yakaisha.

FundiFaiba

BahariaWaJumapili, mwache dirisha wa watu. Tone halianguki lilipoingilia. Linaingia kwenye tundu la boliti, linatambaa juu ya bitana, linafuata waya wa taa au ukingo wa ubao, likifika pa chini kabisa ndipo linaachia. Jaribu hivi: mvua ikinyesha, waambie watu wawili wakae upande wa kulia mashua iegemee. Tone likihama au likikatika, ujue linatoka mbali.

Kazi yangu ni faiba, na bado mashua yangu mwenyewe ilininyoosha. Ilikuwa nguzo ya reli, ile unayoshika unapopanda. Ina boliti 4 tu, lakini ni wenzo: kila anayeingia anaivuta, na kila ikivutwa gundi ya chini inaachia kidogo. Sasa sitaha nyingi za faiba si faiba tupu. Ni faiba, katikati mbao laini ya balsa, halafu faiba tena. Maji yanapoingia kwenye tundu yanaanza kunywewa na balsa. Ndani ya kabini huoni kitu, pengine kwa miaka. Yangu ilipoanza kudondosha, sitaha ilikuwa inabonyea chini ya unyayo. Ukigonga kwa mpini wa bisibisi, penye uzima panalia ko, ko, penye uozo panalia bwe. Nilipochomoa boliti ya kwanza ikatoka imevaa uji wa kahawia. Nilikata faiba ya juu kipande cha upana wa sinia, nikachota uozo kwa mkono.

Ukiwahi kabla ya hapo, kazi ni ndogo. Tanua tundu liwe kubwa kuliko boliti, kunja msumari, ufunge kwenye drili ukwangue balsa kuzunguka tundu kwa ndani, bila kutoboa faiba ya chini zaidi. Ziba chini kwa utepe, jaza epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) iliyokolezwa kwa unga wake, ikikauka toboa upya kwa kipimo cha boliti. Hapo hata gundi ikija kuachia, maji yanakutana na epoksi, hayaoni balsa. Kisha panua mdomo wa tundu kidogo kwa juu, kama faneli, ili utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata, upate pa kukaa kama pete shingoni mwa boliti. Mmoja ashike boliti juu isizunguke, mwingine akaze nati kutokea ndani. Boliti ikizunguka inaikata gundi yako mwenyewe. Usikaze yote leo. Butili inatoka pembeni polepole, kesho unarudi, keshokutwa unarudi.

Na hiyo silikoni ni kazi umejiongezea. Inaacha utelezi usioonekana juu ya faiba, na gundi nyingine haishiki hapo, rangi ndiyo kabisa, mpaka ukwangue na kupiga msasa mpaka penyewe.

TangaBovu

Mimi nimelala na mwavuli ndani ya kabini misimu miwili. Nasoma kwa makini.

BintiMlingoti

Yangu ya aibu kidogo. Mlingoti wangu unatoboa sitaha na kwenda kukalia mkuku, uti wa mashua, chini. Kila mvua, maji sakafuni. Nikafunga shingo ya mlingoti pale sitahani kwa mpira, nikaongeza turubai, nikaongeza gundi. Maji yako pale pale. Siku moja mvua inanyesha nikaweka sikio kwenye mlingoti, nikasikia yanashuka NDANI yake. Mlingoti wa alumini ni bomba, wakuu. Juu kule kamba za tanga zinapoingilia kuna matundu, na hayazibiki kwa sababu kamba lazima zipite. Shingo ilikuwa haina kosa tangu siku ya kwanza.

Sasa mbona zamani haikuwa hivyo? Maji yalikuwa yanashuka mlingotini, yanapita vijitundu vya chini ya sakafu mpaka ngamani, pampu inatoa. Kijitundu kimoja kilizibwa na kipande cha sifongo. Nilikitoa kwa waya wa kuanikia nguo. Miezi 8 ya gundi, dakika 2 za waya.

TeziNaOmo

Kwa wenye haraka, msisubiri mvua. Fungeni kabini yote, zibeni matundu ya hewa kwa utepe, wekeni mdomo wa kipulizia majani kwenye mlango na kadibodi kuzunguka, kisha puliza hewa ndani. Nje mpake maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila boliti, kila ukingo. Penye tundu povu linachemka lenyewe. Mimi nilikuwa nalaumu kifuniko cha mbele, povu likachemkia kwenye reli ya tanga la mbele, zaidi ya mita moja kutoka tone lilipo. Nilicheka peke yangu gatini, majirani wakaja kuangalia. Msipulize kwa nguvu zote tu, hewa kidogo inatosha.

KiooChangu

Mimi langu lilikuwa dirisha kweli, msituchoshe na boliti tu 😂

Madirisha yangu ni akriliki iliyofungwa kwa skrubu. Plastiki hii inatanuka kwa joto kuliko faiba: kipande cha mita 1 kinaongezeka kama milimita 2 joto likipanda nyuzi 30. Mwenye mashua wa kwanza alitoboa matundu yanayobana skrubu kabisa, akakaza mpaka mwisho. Plastiki haina pa kwenda, ikapasua nyufa kutoka kila tundu. Nikaja mimi na ujuaji wangu nikaweka polisalfaidi, gundi nzuri ya sitaha kwelikweli, lakini akriliki haipatani nayo. Baada ya muda ukingo wote ukawa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kioo kipya nilikitoboa matundu makubwa kuliko skrubu, nikaacha nafasi ya milimita 3 pembeni, nikakikalisha juu ya utepe mnene wa butili bila kukibana. Silikoni ya FundiFaiba inayotukanwa hapo juu, kwa plastiki haina ugomvi.

FundiFaiba

KiooChangu, sikatai. Kwenye kioo iwepo. Nakataa kuiona sitahani.

MzeeWaNgama

Wanangu, mnacheka na matone, sawa. Mimi nitawaambia lile nisilochekea. Angalieni yale mabamba ya chuma cha pua yanayoshika waya za mlingoti, pale yanapopenya sitaha. Yangu yalitoa ufito mwembamba wa kutu ndani, rangi ya chai. Nikaufuta kwa kitambaa misimu mitatu, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa haba. Chuma cha pua kinajilinda kikipata hewa. Kikikaa kwenye maji yaliyotuama mahali pasipo hewa, ndani ya unene wa sitaha ambapo huoni, kinaliwa kimyakimya. Nilipoliondoa bamba ili niweke gundi mpya tu, nilikuta ufa umevuka zaidi ya nusu ya upana wake. Juu na chini linang'aa kama jipya. Nilikuwa nimesafiri nalo hivyo wiki mbili kabla, upepo mkali, tanga limejaa. Hapo usipake kitu. Litoe ulione.

BahariaWaJumapili

Mzee shikamoo, yangu nimeyatoa yote mawili, mazima. Asanteni wote, narudisha majibu.

Nilishusha bitana ya upande wa kushoto. Chini ya kila nati nikabandika kipande cha karatasi laini, nikachora mistari ya chaki kwenye faiba kuvuka njia ambayo maji yangepita. Mke wangu akakaa nje na bomba, mimi ndani na tochi. Tulianzia chini tukapanda juu, maana ukianzia juu maji yanalowesha kila kitu na hujui nani mwongo. Dakika 10 kila mahali, maji ya kutiririka tu bila mkandamizo. Ukingo wa sitaha, pakavu. Dirisha, pakavu, namwomba radhi. Nguzo, pakavu. Nikaanza kudhani tumerogwa.

Akafika kwenye ule mshiko wa mbao juu ya paa la kabini. Boliti 6. Kwenye ya pili kutoka mbele karatasi ikabadilika rangi mbele ya macho yangu, kisha mstari wa kwanza wa chaki ukakatika, wa pili, wa tatu. Maji yalitembea mita 1.8 kurudi tezini, yaani nyuma, kwa sababu mashua yetu ikifungwa gatini inakalia matako kwa uzito wa injini, yakafika ukingo wa dirisha yakadondokea mto. Mawimbi hayafiki juu ya paa, ndiyo maana safarini palikuwa pakavu.

Nikafanya kama alivyosema FundiFaiba, msumari uliokunjwa, epoksi, butili. Balsa ilikuwa na unyevu lakini haijaoza. Niliacha matundu wazi chini ya turubai mpaka ikakauka. Jana mvua imeshuka ya kutosha. Nimelala kitanda cha kushoto, mto mkavu, nahesabu mpaka 14, hakuna kitu. Nikasinzia.

Saa 9 usiku mke wangu akaniita kutoka kitanda cha kulia. Mshiko wa kulia una boliti 6 za umri ule ule. Anauliza utepe umebaki kiasi gani.